GARI NA MWENYEWE: Tone la Oili Chini ya Pikapu

Nchi ya Kericho na Bomet ni nchi ya vilima na mvua. Makampuni makubwa yalianza kupanda chai huko katika miaka ya 1920, na baada ya mwaka 1964, ilipoundwa mamlaka ya kustawisha chai ya wakulima wadogo, ile KTDA ambayo tangu mwaka 2000 ni kampuni, zao hilo lilienea sana katika mashamba ya wananchi wa Litein, Kapkatet, Mogogosiek, Kapkoros na kwingineko. Tangu hapo mkulima wa huko amejifunza jambo moja: majani chai yakisha kuchumwa hayangoji mtu. Yakibanwa katika gunia kwa saa nyingi hupata joto, hugeuka rangi yakawa mekundu, na kituoni hukataliwa. Kazi ya siku nzima ya wachumaji hupotea bure.

Ndiyo sababu pikapu imekuwa kama mkono wa tatu wa mwenye shamba. Hubeba majani yake na ya jirani zake hadi kituo cha kupimia, hurudi na mbolea, na siku ya Jumapili huwapeleka watu kanisani. Katika miaka ya 1960 na 1970 watu walizisifu sana pikapu za Peugeot 404, maana magari ya jina hilo yalishinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968. Siku hizi Isuzu na Toyota ndizo zionekanazo zaidi barabarani. Majina yamebadilika, lakini oili ingali oili, na gasketi ikichoka huvuja katika gari jipya kama ilivyovuja katika lile la zamani.

Hesabu ya tone moja

Asubuhi mwenye gari aondoa pikapu yake uani, aona doa jeusi mahali ilipolala. Wengi hulitazama doa hilo na kwenda zao, wakisema kwamba oili ikipungua wataongeza. Yafaa watu hao wafanye hesabu kidogo.

Chukua mfano wa injini inayodondosha tone moja kila baada ya sekunde 5 inapofanya kazi. Hayo ni matone 12 kwa dakika, au matone 720 kwa saa. Tukichukua kwamba matone 30 hivi ya oili ni mililita 1, basi injini hiyo yapoteza mililita 24 kila saa. Ikifanya kazi saa 8 kwa siku, kwa siku 6 za juma, itakuwa imemwaga zaidi ya lita 1. Katika injini nyingi za pikapu, tofauti kati ya alama ya juu na alama ya chini ya kijiti cha kupimia ni karibu lita 1. Maana yake ni kwamba gari lililoanza juma likiwa limejaa sawasawa laweza kumaliza juma likiwa chini ya alama ya hatari, na mwenyewe hajasikia sauti yoyote ya ajabu. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Haba na haba hukimaliza kibaba vilevile.

Oili ndiyo inayotenganisha chuma na chuma ndani ya injini, na tena huchukua sehemu ya joto lake. Ikipungua sana, pampu huvuta hewa badala ya oili, hasa gari linapopanda au kuteremka mlima, kwa sababu oili yote hukimbilia upande mmoja wa sampu. Ndipo taa nyekundu ya oili huwaka. Taa hiyo haipimi wingi wa oili. Hupima msukumo wake. Ikiwaka gari likiwa linakwenda, madhara yamekwisha kukaribia, na dereva imempasa kusimama mahali pa salama na kuzima injini mara moja. Anayesema “nitafika tu kituoni” huenda akafika na majani yake, lakini beringi za krankshafti zimekwisha kuliwa. Gharama ya kutengeneza injini iliyokwama haiwezi kulinganishwa hata kidogo na gharama ya gasketi.

Kujua kinachovuja

Kabla ya kumwita fundi, yafaa mwenye gari ajue ni kitu gani kinachodondoka, kwa kuwa gari lina vimiminiko vingi. Dawa yake ni rahisi: kipande cha katoni nyeupe au gazeti kuukuu huwekwa chini ya injini usiku kucha, na asubuhi matone hutazamwa.

Oili ya injini ni ya rangi ya kahawia, au nyeusi ikiwa imetumika sana, nayo huteleza katika vidole. Oili ya giaboksi ni nzito zaidi, na mara nyingi ina harufu kali kama ya kiberiti. Mafuta ya usukani huwa mekundu katika magari mengi. Maji ya rejeta yaliyotiwa dawa huwa ya kijani, mekundu au ya buluu, tena yana harufu ya utamu. Yasionjwe, maana ni sumu. Dizeli ni nyepesi na harufu yake haifichiki. Mafuta ya breki ni mepesi, rangi yake ni ya kimanjano hafifu, na yakionekana karibu na gurudumu gari lisiendeshwe kabisa mpaka litengenezwe.

Tena kuna gari linalomaliza oili bila kudondosha hata tone moja. Likitoa moshi wa buluu, hasa linapowashwa asubuhi au dereva anapokanyaga mafuta baada ya mteremko mrefu, huenda oili inaungua ndani. Na kama maji ya rejeta yamekuwa kama chai ya maziwa, oili na maji vimekutana, na sababu yaweza kuwa gasketi ya silinda hedi au kipoza oili. Hayo ni magonjwa mengine, na dawa zake ni nyingine.

Kupima nako kuna adabu yake. Katika vilima vya Kericho uwanja ulio sawa hauonekani kwa urahisi, na gari likipimwa likiwa limeinama kijiti husema uongo. Yapasa lisimame mahali tambarare, injini izimwe, na oili ipewe dakika 5 hadi 10 kurudi chini. Kijiti hutolewa, hupanguswa, hurudishwa mpaka mwisho, kisha hutolewa tena na kusomwa.

Kisa cha giaboksi iliyoponea chupuchupu

Kisa kama hiki hutokea mara nyingi katika nchi ya chai. Mkulima aona oili ikidondoka pale injini inapokutana na giaboksi. Ampelekea fundi kijana wa sokoni, naye alala chini, atazama kwa tochi, ainuka akitikisa kichwa.

“Mzee, sili ya nyuma ya krankshafti imekwisha. Lazima giaboksi ishuke. Ni kazi ya siku mbili.”

Mkulima ahesabu moyoni mwake. Siku mbili bila gari ni siku mbili za kukodi gari la mtu mwingine, na karo ya shule yangojewa. Kabla ya kukubali, ampitia fundi mzee aliyestaafu kazi ya karakana katika shamba moja kubwa la chai. Mzee yule hakulala chini. Aliuliza neno moja tu: “Mmeiosha injini?”

“Bado, fundi.”

“Basi mmejuaje?”

Injini ikaoshwa, ikakaushwa, na gari likaendeshwa mwendo wa nusu saa. Walipoinua boneti waliona mstari mwembamba wa oili ukitoka katika pembe ya nyuma ya kifuniko cha vali, juu kabisa, ukiteremka nyuma ya injini mpaka kwenye kasha la klachi, na hapo ndipo ulipodondoka. Sili ya nyuma ilikuwa nzima. Ugonjwa ulikuwa gasketi ya kifuniko, iliyokauka ikawa ngumu kama ganda la mti. Kazi iliyosemwa kuwa ya siku mbili ikamalizika kabla ya adhuhuri, na jioni ile majani yalifika kituoni.

Fundi kijana hakuwa mwongo. Alitazama mahali oili ilipodondokea, asitafute mahali ilipotokea. Hilo ndilo kosa kubwa kuliko yote katika kazi hii, kwa sababu oili haidondoki palepale inapotoka. Hushuka chini kwa uzito wake, na gari likienda upepo huisukuma nyuma. Kwa hiyo kanuni ni hii: atafutaye chanzo na atafute mahali penye unyevu palipo juu zaidi na mbele zaidi.

Jinsi ya kutafuta

Injini huoshwa ikiwa imepoa kabisa. Alteneta na mdomo wa kuvutia hewa hufunikwa kwa nailoni. Mafuta ya taa kidogo na brashi huondoa uchafu mgumu, kisha hufuata maji ya sabuni. Petroli isitumike kamwe kwa kazi hii, kwa kuwa mvuke wake hushika moto upesi. Injini isiwashwe mpaka imekauka na harufu ya mafuta ya taa imekwisha.

Baada ya hapo oili ijazwe mpaka alama yake, gari liendeshwe kidogo, kisha litazamwe kwa tochi. Kama mvujo ni mdogo na hauonekani, poda ya watoto hunyunyizwa juu ya chuma kikavu injini ikiwa imezimwa; oili itokapo huchora mstari mweusi katika weupe ule. Karakana zenye vifaa hutia rangi maalumu ndani ya oili na kuitafuta kwa taa ya zambarau, lakini poda na subira hutosha katika magari mengi.

Mahali panapovuja mara nyingi

Mahali pa kwanza ni kifuniko cha vali, kama katika kisa kilichotajwa. Gasketi yake ikifanywa upya, nyuso zote mbili zisafishwe sana, na bolti zikazwe kidogo kidogo, kuanzia katikati kwenda pembeni, kwa nguvu ileile. Anayekaza kwa hasira hupinda kifuniko, na mvujo huzidi kuliko kwanza.

Mahali pa pili ni chujio la oili. Mara nyingine chujio kuukuu likifunguliwa, mpira wake hubaki umenata katika injini, na lile jipya hufungwa juu yake. Mipira miwili haikai pamoja, na oili yaweza kumwagika kwa wingi mara injini iwashwapo. Mpira mpya hupakwa oili kidogo, na chujio hukazwa kwa mkono, karibu robo tatu ya mzunguko baada ya mpira kugusa, isipokuwa kama kitabu cha gari chasema vingine.

Mahali pa tatu ni nati ya kumwagia oili chini ya sampu. Washa yake ni kitu kidogo, nayo yafaa ibadilishwe oili inapobadilishwa. Sampu za alumini huharibika nyuzi zake kwa urahisi mtu akikaza kupita kiasi. Kadhalika sampu yenyewe hupigwa na mawe katika njia mbovu za mashambani, ikapata ufa au kubonyea.

Mahali pa nne ni swichi ya oili, ile inayowasha taa nyekundu. Ikipasuka ndani, oili hutoka kwa msukumo wa pampu na hurukia kila upande. Kuibadilisha ni kazi ya dakika chache.

Mahali pa tano hupatikana katika pikapu nyingi za dizeli: ni ile pampu ndogo ya kuvuta hewa inayosaidia breki, ambayo mara nyingi imefungwa nyuma ya alteneta. Huletewa oili kwa mpira na kuirudisha kwa mpira. Mipira hiyo hukauka kwa joto na kupasuka. Mwenye gari asiidharau, maana pampu hiyo ikifa kanyagio la breki huwa gumu, na mteremko wa Kericho si mahali pa kujaribia breki ngumu.

Zipo tena sili za mbele ya injini, nyuma ya puli na fani belti, na ile sili ya nyuma aliyoisema fundi kijana. Hii ya nyuma ikivuja kweli, oili huweza kufika kwenye klachi, na gari likipanda mlima na mzigo injini hulia kwa nguvu lakini mwendo hauongezeki. Hapo giaboksi haina budi kushushwa. Yafaa sahani ya klachi itazamwe wakati uohuo, ili kazi ileile isifanywe mara mbili.

Injini inayokosa pumzi

Liko jambo moja ambalo mafundi wengi hulisahau. Ndani ya injini gesi kidogo hupenya kando ya pistoni na kushuka katika nyumba ya krankshafti. Gesi hiyo hutolewa na bomba la kupumulia. Bomba likizibwa na matope, masizi au oili iliyoganda, gesi hukosa njia, msukumo huzidi ndani, na oili husukumwa nje kupitia kila sili iliyo dhaifu. Fundi hubadilisha sili ya mbele, mvujo ukahamia nyuma. Akabadilisha ya nyuma, ukahamia juu. Mwenye gari hudhani amerogwa, kumbe injini imezibwa pua.

Kwa hiyo, mvujo ukionekana mahali pengi kwa wakati mmoja, bomba hilo na vali yake visafishwe kabla ya kununua sili yoyote. Kama bomba ni safi na bado moshi mwingi watoka penye kifuniko cha kutilia oili, yaelekea pete za pistoni zimechakaa, na gasketi mpya peke yake haitaponya.

Watu wengine hutia oili nzito ili mvujo upungue. Alfajiri ya Kericho ni ya baridi, na oili nzito mno huchelewa kufika juu ya injini inapowashwa. Yapasa itumike aina iliyoandikwa katika kitabu cha gari. Wengine hupaka gundi ya gasketi kwa wingi. Ile inayozidi huingia ndani, hukatika vipande, na vipande huziba wavu wa pampu. Gundi ni dawa, na dawa ina kipimo.

Usalama wa mtu na wa mto

Hakuna mtu anayepaswa kulala chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki peke yake. Ardhi ya nchi ya chai ni laini, na jeki huzama baada ya mvua. Ubao mpana uwekwe chini ya jeki, mawe yazuie magurudumu, na gari lishikwe kwa vigingi imara vya chuma au magogo mazito. Oili ya moto huunguza, basi injini iachwe ipoe. Tena oili inayodondokea bomba la eksozi hutoa harufu na moshi, nayo yaweza kuwaka. Gari la namna hiyo lisipakiwe watu.

Majani chai hushika harufu upesi sana. Galoni ya oili au dizeli isichukuliwe pamoja na majani nyuma ya pikapu, wala gunia lenye doa la oili lisitumike. Mzigo wa mtu mmoja wenye harufu ya mafuta waweza kuharibu majani ya majirani yaliyochanganywa nao.

Oili iliyotumika isimwagwe katika mitaro ya shamba. Maji ya Kipsonoi huingia mto Sondu, na maji ya Nyangores huingia mto Mara, na yote humalizikia katika Ziwa Victoria. Watu na ng'ombe wengi huyanywa njiani. Sheria ya mazingira ya Kenya ya mwaka 1999 yakataza kuchafua mazingira namna hiyo, lakini hata kama isingekataza, jirani aishiye chini ya mteremko ana haki ya maji safi. Oili hiyo ikusanywe katika galoni yenye kifuniko na kupelekwa kwa karakana au wakala anayekusanya oili chafu.

Daftari ya gari

Karani hujua faida ya kuandika. Mkulima naye na afanye vivyo hivyo: daftari ndogo iwekwe ndani ya gari, na kila juma iandikwe tarehe, kilomita zilizosomwa, na kiasi cha oili kilichoongezwa. Baada ya miezi miwili daftari hiyo itasema kweli kuliko fundi yeyote. Ikiwa kiasi kinachoongezwa ni kilekile kila juma, ugonjwa haujaendelea. Ikiwa kinazidi, siku ya karakana imefika, na ni heri mwenye gari aichague yeye mwenyewe wakati chai si nyingi shambani.

Na kazi ikisha kufanywa, injini ioshwe tena, gari lipande mlima na mzigo wake, kisha katoni nyeupe irudishwe chini yake usiku. Katoni ikiamka kavu, fundi na alipwe ujira wake kwa moyo mweupe. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa injini hujengwa kwa fedha za majani ya msimu mzima.